Albamu "inayokuja" imeshamalizika zamani: kinachosubiriwa ni nini?

Tarehe 31 Januari 2024 Neil Tennant na Chris Lowe, wale wawili wa Pet Shop Boys, kundi la pop la Uingereza, waliachia wimbo uitwao "Loneliness". Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba albamu yao mpya ya studio, Nonetheless, itatoka tarehe 26 Aprili. Karibu miezi mitatu mbele. Msikilizaji aliyezoea ngoma ya Bongo Fleva kudondoshwa usiku na kufikia asubuhi kila bajaji inaipiga, lazima ajiulize: kama albamu ipo, kwa nini wasiitoe? Na kama haipo, wametangaza nini?

Ipo. Tunaposikia albamu inakuja, wengi wetu tunamwona msanii bado yuko studio, anafuta mistari na kurudia sauti. Kwa albamu zinazotoka kupitia lebo kubwa za Uingereza, mambo hayaendi hivyo. Siku tangazo linapotoka, jalada limeshachorwa, mpangilio wa nyimbo umeshafungwa na kazi imeshapelekwa kiwandani. Tennant na Lowe walikuwa wameshamalizana na prodyuza wao, James Ford, ambaye naye ni nusu ya kundi jingine la Kiingereza la watu wawili, Simian Mobile Disco. Kilichobaki kilikuwa foleni ya kiwanda, Ijumaa inayofaa na hesabu ya chati. Vitu hivi vitatu vimefungamana kiasi kwamba ukivuta kimoja vingine vinafuata.

Kabla ya kuvifungua, tuondoe utata mmoja ambao hata mashabiki wakongwe hubishana juu yake: ipi ni albamu ya studio na ipi siyo. Nonetheless ni ya 15 kwa Pet Shop Boys, kuanzia Please ya mwaka 1986. Lakini ukienda kwenye kabati la shabiki wao wa kweli utakuta diski nyingi kuliko hizo 15. Kuna za rimiksi, kuna zilizorekodiwa jukwaani, kuna mikusanyo ya nyimbo zilizovuma, kuna muziki walioutunga kwa ajili ya filamu ya kimya ya Battleship Potemkin, kuna hata wa baleti. Hizo zote haziingii kwenye hesabu.

Ukidhani mpaka huo unachorwa na idadi ya nyimbo, chukua mifano miwili yao wenyewe. Mwaka 1986 walitoa Disco, yenye nyimbo sita. Mwaka 1988 wakatoa Introspective, nayo ina nyimbo sita. Ya kwanza ni ya rimiksi, ya pili ni albamu ya studio. Wala si kwamba Introspective ilijaa nyimbo mpya. "Always on My Mind" ilikuwa imeshashika namba moja Uingereza Krismasi ya 1987. "I Want a Dog" ilikuwa imeshatoka upande wa pili wa singo. "I'm Not Scared" walikuwa wameshawaandikia kundi la Eighth Wonder, na "It's Alright" ni wimbo wa mtu mwingine waliourudia. Zilizokuwa mpya kabisa ni mbili tu. Kilichoifanya iwe albamu ya studio ni kwamba nyimbo zote sita zilitengenezwa kwa umbo moja, ndefu na za kuchezeka, zikawekwa sokoni kama kazi moja iliyofuata baada ya Actually, albamu yao ya mwaka 1987. Kwa maneno mengine, ni uamuzi wa msanii na lebo, si wa rula.

Uamuzi huo una pesa ndani yake. Kwa kawaida mkataba wa kurekodi huhesabu deni la msanii kwa albamu za studio. Ni kama lebo inamwambia: unatudai fedha, sisi tunakudai albamu tatu. Mkusanyo wa nyimbo za zamani au rekodi ya jukwaani mara nyingi haupunguzi deni hilo. Ndiyo maana tangazo la albamu ya studio huwa na uzito ambao tangazo la rimiksi halina. Na kwa Nonetheless kulikuwa na jambo la ziada: wawili hawa walikuwa wamerudi Parlophone, lebo waliyokuwa nayo tangu miaka ya themanini hadi Elysium ya mwaka 2012. Albamu tatu za katikati, Electric, Super na Hotspot, walizitoa kwenye lebo yao wenyewe iitwayo x2. Kurudi kwenye lebo kubwa, ambayo tangu 2013 imo mikononi mwa Warner, maana yake kuna mtu mwingine wa kulipia viwanda na matangazo, na pia kuna kiti kingine mezani siku ya kupanga tarehe.

Sasa kiwanda. Santuri, zile sahani nyeusi ambazo wengi tulidhani zimekufa na gramafoni za babu, zimerudi Uingereza kwa nguvu: mwaka 2023 ziliuzwa nakala milioni 5.9 nchini humo. Na santuri haitengenezwi kwa kubofya kitufe. Sauti huchongwa kwanza kwenye sahani laini iliyopakwa vanishi maalumu. Sahani hiyo hufunikwa kwa madini, na kutokana nayo hupatikana mihuri ya chuma ambayo ndiyo itakayogandamiza plastiki ya moto hadi iwe santuri. Kabla ya kugandamiza maelfu, kiwanda hutoa nakala chache za majaribio, msanii au prodyuza akae azisikilize upande wa kwanza na wa pili, aseme ndiyo au atafute kasoro. Akikataa, wanarudi nyuma. Akikubali, anaingia kwenye foleni pamoja na wasanii wengine wote wa dunia wanaotaka mashine zilezile.

Foleni hiyo iliwahi kuwa mbaya sana. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kiliungua moto. Kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza zile sahani laini za kuchongea. Kingine kiko Japani. Mwezi uliofuata dunia ikafungwa na korona, watu wakakaa ndani wakanunua santuri kuliko kawaida. Kufikia 2021 msanii mdogo aliyepeleka kazi kiwandani aliweza kusubiri zaidi ya nusu mwaka, na wasanii wakubwa walilazimika kufunga kazi zao mapema kuliko walivyopenda ili santuri iwahi siku ya kutoka. Hali imelegea tangu hapo. Hata hivyo miezi ingali miezi, na kwa msanii ambaye wasikilizaji wake wana umri wa kupenda kitu cha kushika mkononi, kutoa albamu mtandaoni leo na santuri baada ya miezi minne ni kujipunja mwenyewe. Nitaeleza kwa nini nikifika kwenye chati.

Siku nayo imepangwa na watu wengine. Hadi mwaka 2015 kila nchi ilikuwa na siku yake: Uingereza Jumatatu, Marekani Jumanne, Ujerumani Ijumaa. Mtandao uliifanya hali hiyo iwe kichekesho, maana albamu iliyotoka Ijumaa Berlin ilikuwa imeshapakuliwa bure London kabla ya wikendi kuisha. Kuanzia tarehe 10 Julai 2015 makampuni ya muziki yakakubaliana juu ya Ijumaa kwa dunia nzima. Wiki ya chati ya Uingereza ikahamishwa nayo: inaanza Ijumaa na kufungwa Alhamisi usiku. Kwa hiyo tarehe 26 Aprili 2024 haikuangukia Ijumaa kwa bahati. Ukitoa Jumatano umejinyima siku tano za mauzo katika wiki yako ya kwanza, na wiki ya kwanza ndiyo kila kitu.

Hapa kuna kijambo kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, ingawa ni cha kufurahisha tu. Kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki, albamu kwa kawaida hufunguka saa sita usiku kwa saa za kila nchi. Tangu Spotify ilipoingia Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, msikilizaji wa Mombasa au Mwanza anaipata albamu ya Kiingereza saa mbili kabla ya Mwingereza wakati wa kiangazi chao, na saa tatu wakati wa baridi. Ila usikilizaji wetu hauhesabiwi kwenye chati yao. Wanahesabu wa kwao tu.

Chati ndiyo sehemu yenye utamu, na ndiyo inayoeleza kwa nini tangazo huja mapema.

Uingereza ilianza kuingiza usikilizaji wa mtandaoni kwenye chati ya albamu Machi 2015. Tatizo lilikuwa moja: mtu aliyesikiliza wimbo mmoja bure amefanya nini ukimlinganisha na mtu aliyetoa pauni ishirini na kitu akanunua santuri? Jibu lao ni viwango. Kusikilizwa mara 1,000 na watu wenye akaunti za kulipia ni sawa na nakala moja iliyouzwa. Kwa akaunti za bure zenye matangazo, zinatakiwa mara 6,000. Kisha kuna kipengele cha ujanja: nyimbo mbili zinazosikilizwa kuliko zote kwenye albamu hushushwa hadi wastani wa zile nyingine, ili wimbo mmoja uliovuma usiibebe albamu nzima mgongoni ilhali hakuna anayesikiliza zilizobaki. Walijua wanachofanya. Machi 2017 Ed Sheeran alipotoa albamu yake ya Divide, nyimbo zote 16 ziliingia 20 bora za chati ya singo kwa mpigo, ikawa kama chati imefungwa kwa shughuli ya familia. Miezi michache baadaye ikawekwa kanuni kwamba msanii mmoja asiwe na zaidi ya nyimbo tatu kwenye chati hiyo.

Irudishe hesabu kwa Nonetheless. Ina nyimbo kumi. Ili shabiki mwenye akaunti ya kulipia alingane na mwenzake aliyenunua nakala moja ya CD, lazima aipige albamu yote mwanzo mpaka mwisho mara 100 ndani ya wiki. Mwenye akaunti ya bure mara 600. Hakuna binadamu mwenye kazi na familia anayeweza. Sasa wasikilizaji wa Pet Shop Boys ni nani? Ni watu ambao wengi waliwajua mwaka 1986 "West End Girls" ilipokuwa namba moja Uingereza na Marekani. Wana mishahara, wana rafu za CD, wananunua. Mmoja wao akichukua santuri, akaongeza CD ya toleo maalumu, amehesabiwa mara mbili. Kijana wa miaka 17 anayempenda msanii wa rika lake anamsikiliza mchana kutwa lakini thamani yake kwenye chati ni vipande vya nakala.

Na oda za mapema? Zote huhesabiwa kwenye wiki ya kutoka. Shabiki aliyelipia tarehe 31 Januari, mwingine aliyelipia mwanzoni mwa Machi, mwingine aliyekumbuka siku tatu kabla, wote mauzo yao yanashuka kwenye Ijumaa moja. Ndiyo maana miezi mitatu si muda uliopotea. Ni muda wa kukusanya. Kila singo inayotangulia inafungua tena kapu hilo: "Loneliness" kwanza, halafu "Dancing Star", wimbo kuhusu Rudolf Nureyev, mcheza baleti aliyeutoroka Umoja wa Kisovieti mwaka 1961 akiwa Paris. Wimbo unapigwa redioni, mtangazaji anataja albamu na tarehe, mtu anakwenda kuagiza. Wengine huongeza chambo: ukiagiza mapema unapewa nafasi ya kununua tiketi za ziara kabla ya umma. Mimi binafsi naona hili la tiketi limevuka mstari, kwa sababu mtu anauziwa albamu asiyoitaka ili apate kiti anachokitaka, na chati inaandika kwamba ameipenda albamu. Lakini ni halali na kila mtu anafanya.

Matokeo yalikuwaje? Nonetheless iliingia namba mbili. Juu yake alikuwa Taylor Swift, ambaye albamu yake ya The Tortured Poets Department ilitoka wiki moja kabla na kuvuna Uingereza zaidi ya nakala 270,000 katika wiki yake ya kwanza. Hapo utaona kwa nini lebo hukaa kikao kuhusu Ijumaa ipi. Lakini tarehe ya Pet Shop Boys ilikuwa imeshatangazwa Januari 31. Swift alitangaza albamu yake siku chache baadaye, Februari 4, jukwaani kwenye tuzo za Grammy. Ukishawaahidi watu tarehe, ukishachapa majalada na kupanga foleni kiwandani, huna pa kukimbilia. Kwa Tennant na Lowe haikuwa mara ya kwanza. Septemba 1987 Actually ilikwama namba mbili kwa sababu Michael Jackson alikuwa ametoa Bad wiki moja kabla. Katika albamu zao zote za studio, iliyofika namba moja ni moja tu, Very ya mwaka 1993.

Namba hizo za wiki ya kwanza zina udanganyifu wake, na ni haki kuusema. Albamu iliyouzwa kwa oda za mapema huwa imeshamaliza wanunuzi wake wengi siku inayotoka, kwa hiyo wiki ya pili huporomoka vibaya hata kama ni kazi nzuri. Albamu ya kijana anayesikilizwa mtandaoni inaweza kuingia namba 15 na kukaa humo mwaka mzima. Ukiangalia nafasi ya juu kabisa peke yake utadhani mkongwe kamshinda kijana. Ukiangalia mwaka mzima unaona kinyume. Chati moja inajibu maswali mawili tofauti, nayo haikuambii ni lipi inalijibu wiki hii.

Si kila wawili wanacheza mchezo huu kwa namna ileile. Tracey Thorn na Ben Watt, mume na mke wanaounda Everything but the Girl, hawakuwa wametoa albamu pamoja tangu Temperamental ya mwaka 1999. Mwaka 2021 walirekodi kimyakimya bila kumwambia mtu, na mafaili ya studio hawakuyaandika jina la kundi kwa kuogopa uzito wake. Waliyaandika TREN, yaani Tracey na Ben. Tangazo lilikuja kazi ikiwa imeiva, singo ya kwanza Januari 2023, na Fuse ikatoka Aprili 21 mwaka huo. Baada ya miaka 24 ya kimya ikafika namba tatu Uingereza, juu kuliko albamu yao yoyote ya zamani. Faida ya siri si mbwembwe tu. Asiyetangaza hana deni kwa mtu, anaweza kuitupa kazi nusu njiani na hakuna atakayejua.

Tears for Fears hawakuwa na bahati hiyo. Roland Orzabal na Curt Smith, vijana wa Bath waliokuwa wameshakuwa wazee wa muziki, walikuwa na albamu ya studio ya mwisho mwaka 2004. Katika muongo uliofuata mashabiki wakaanza kusikia kwamba mpya inakuja. Kwa ushauri wa menejimenti waliketi na watunzi wengi wa kisasa, leo huyu, kesho yule, kusaka nyimbo za kuvuma. Wakapata albamu nzima. Wakaisikiliza. Hawakujiona ndani yake. Katikati ya hayo mke wa Orzabal akaugua na kufariki mwaka 2017. Mapema mwaka 2020 wakaketi wawili tu na magitaa mawili yasiyo ya umeme, kama walivyoanza utotoni, wakatunga wimbo "No Small Thing", na kutoka hapo wakaijenga albamu upya huku wakibakiza nyimbo chache za mwanzo. The Tipping Point ilitangazwa Oktoba 2021 na kutoka Februari 25, 2022. Ikaingia namba mbili.

Kwa hiyo ukisoma kwamba wawili fulani wana albamu mpya njiani, tazama kilichoambatana na habari hiyo. Kama kuna siku kamili ya Ijumaa, jina la lebo, orodha ya nyimbo na mahali pa kuagiza, muziki umekwisha na uko kwenye foleni. Kama kuna maneno ya mahojiano tu, "tunafanyia kazi vitu vipya", "mwakani Mungu akipenda", basi hakuna santuri iliyochongwa bado, na lolote linaweza kutokea, hata la kupendeza. Novemba 2017 Tears for Fears walitoa mkusanyo wa nyimbo zao zilizovuma, wakachomeka humo mbili mpya kutoka kwenye kazi ile iliyokuwa inawasumbua. Mmoja unaitwa "Stay". Miaka zaidi ya minne baadaye ukawa wimbo wa kufungia The Tipping Point, maana yake aliyenunua mkusanyo ule alikuwa ameshausikia mwisho wa albamu kabla mwanzo wake haujaandikwa.